Kichwa cha Mtoto Mchanga: Habari za Sababu Zake, kutoka Ujiji hadi Msitu wa Zika

Katika Kasingirima, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kama katika miji mingine mingi ya pwani ya Ziwa Tanganyika, mtoto azaliwapo jamaa huuliza mambo mawili: mama yu salama, na mtoto ni wa kike au wa kiume. Jambo la tatu haliulizwi, bali hutazamwa. Shangazi hufunua kitenge, na macho yake huenda kichwani kwanza. Kikiwa mviringo husifu. Kikiwa kimechongoka kisogoni, au kimelala upande mmoja, au kina uvimbe, hunyamaza kidogo, na kimya hicho mzazi hukielewa mara moja. Baada ya kimya huja maswali, na maswali yote humwendea mama: alilala ubavu gani, alikula nini, alimcheka kiwete gani barabarani alipokuwa mjamzito.

Desturi ya kumtafuta mwenye kosa ni kongwe kuliko elimu ya kutafuta sababu. Mambo haya mawili yamechanganyika katika kila zama, si Ujiji tu, bali hata mahali ambapo watu hujidai kuwa na maarifa zaidi. Habari za kichwa cha mtoto mchanga ni habari za mchanganyiko huo, na yafaa zianzwe pale ambapo hapana kosa la mtu hata mmoja.

Fuvu la mtoto anayezaliwa si mfupa mmoja. Ni vipande kadhaa vilivyoshikamanishwa kwa utando laini, na mahali vipande vinapokutana hubaki nafasi. Iliyo kubwa ni ile ya juu, mbele ya kichwa, ambayo Waswahili huiita utosi. Nyingine ndogo iko kisogoni. Ile ndogo huziba katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo, na utosi hufunga polepole, mara nyingi kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Maumbile yameacha nafasi hizo kwa sababu mbili. Ubongo hukua kwa kasi sana katika mwaka wa kwanza, wala haungeweza kukua ndani ya sanduku lililokwisha pigwa misumari. Tena, nyonga ya mwanamke ni nyembamba na kichwa cha mtoto ni kikubwa, basi uchungu unapomsukuma mtoto chini, vipande vya fuvu husogeleana na kupandana kidogo, mmoja juu ya mwenziwe, na kichwa hurefuka ili kipite. Kwa hiyo mtoto wa kwanza, ambaye njia yake haijapitwa na mwingine, au mtoto ambaye mama yake aliumwa uchungu siku nzima, aghalabu huzaliwa na kichwa kilichochongoka nyuma. Mtoto aliyetanguliza matako, au aliyetolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu kushika, huwa na kichwa cha mviringo ambacho shangazi hukisifu bila kujua sababu yake. Kichwa kilichochongoka hurudi katika umbo lake kwa siku chache, wala hakihitaji dawa.

Uvimbe nao ni wa namna mbili, na wakunga wenye mazoea huutofautisha kwa vidole. Uvimbe laini unaovuka maungio ya mifupa ni maji yaliyokusanyika chini ya ngozi kwa kugandamizwa njiani, na hutoweka baada ya siku mbili au tatu. Uvimbe unaokoma pale maungio yanapoanza ni damu iliyovilia kati ya mfupa na utando wake. Huu hukaa majuma kadhaa, pengine miezi, kabla ya kunywewa na mwili, na damu hiyo inapovunjika yaweza kumtia mtoto manjano. Uvimbe wa namna hii huonekana zaidi kwa watoto waliovutwa kwa koleo la uzazi, au kwa kile kikombe cha kufyonza hewa kilichobuniwa na Tage Malmström, tabibu wa Sweden, katika miaka ya 1950. Mtu asiyejua hushawishika kuutumbua kwa wembe. Hapo ndipo jambo jepesi hugeuka kuwa zito, kwa maana wembe hufungua mlango wa usaha karibu kabisa na ubongo.

Kuna jambo moja la utosi ambalo wazazi wengi wa Afrika ya Mashariki hulitaja kama ugonjwa wenye kujitegemea, nalo ni utosi kubonyea. Huwekewa mafuta na majani, wengine hufunga kitambaa. Macho ya wazazi hayakosei, maana utosi uliobonyea ni dalili ya kweli; kosa liko katika kudhani kwamba utosi wenyewe ndio unaoumwa. Mtoto aliyeharisha na kupungukiwa na maji mwilini hubonyea utosi kwa kuwa maji yamekwisha. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga na kipindupindu kikawaingilia, wauguzi walikuwa na maji ya chumvi na sukari mikononi, na kuutazama utosi wa mtoto ni miongoni mwa mambo wanayofundishwa kabla ya kumnywesha.

Baada ya maumbile huja mkono wa binadamu. Katika pwani ya Waswahili na bara yake, mkunga au bibi humkanda mtoto kwa mafuta na maji ya moto, akinyosha pua na kuviringisha kichwa, kwa imani kwamba mifupa ingali laini na yafaa kufinyangwa kama udongo. Kukanda kwa upole hakudhuru, lakini hakuna ushahidi kwamba hubadili chochote ambacho siku zenyewe zisingebadili. Kichwa hurejea, na sifa hupewa mikono ya bibi. Labda sifa hiyo si kitu cha kumnyang'anya bibi, kwa sababu mikono ile ile ndiyo inayompa mzazi usingizi.

Lakini mkono ukikaza na usiachilie, kichwa hubadilika kweli. Mfano mashuhuri katika upande huu wa Afrika ni wa Wamangbetu, ambao nchi yao iko mbali kaskazini ya ziwa, katika bonde la mto Uele, Kongo ya kaskazini-mashariki. Mtafiti Mjerumani Georg Schweinfurth alifika katika baraza la mfalme wao Mbunza mwaka 1870, mwaka mmoja kabla ya Stanley kukutana na Livingstone hapa Ujiji. Watu wa tabaka la watawala walivifunga vichwa vya watoto wao wachanga kwa kamba zilizozungushwa kwa ustadi na kukazwa tena kila kichwa kilipokua, hata fuvu likarefuka kwenda juu na nyuma. Desturi hii iliitwa lipombo. Mtoto alipokuwa mtu mzima, nywele zilisukwa kuzunguka kichwa hicho na kumalizika kama ukingo wa kikapu, ili urefu uzidi kuonekana. Kwao kichwa kirefu kilikuwa dalili ya uungwana na akili, na watu wa kawaida pamoja na baadhi ya majirani wakaiga. Ubongo haukupungua kwa kufungwa hivyo. Ulikua ukifuata nafasi uliyopewa.

Herbert Lang, aliyekaa Kongo tangu 1909 hata 1915 kwa niaba ya jumba la makumbusho la New York, alipiga picha nyingi za watu hao. Msafara wa magari ya Citroën wa 1924 na 1925 ukazidi kuzieneza sura zao huko Ulaya, mpaka kichwa cha mwanamke wa Kimangbetu kikawa pambo la mabango na vinyago katika miji ambayo watu wake hawakujua Uele iko wapi. Kisha serikali ya Wabelgiji ikaipiga marufuku desturi hiyo, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imekwisha kufifia. Huu ni mchezo wa ajabu wa dola: kitu kimoja kikauzwa kwa picha huku kikikatazwa kwa sheria.

Wamangbetu hawakuwa peke yao duniani. Hippocrates, tabibu wa Wayunani, katika kitabu chake cha hewa, maji na mahali, alisimulia habari za watu wenye vichwa virefu waliowafunga watoto wao tangu kuzaliwa. Akaongeza jambo ambalo ni muhimu katika historia ya fikra: alidai kuwa baada ya muda desturi iligeuka kuwa maumbile, watoto wakawa wanazaliwa na vichwa virefu bila kufungwa. Katika hili alikosea. Wamangbetu walifunga vichwa kwa vizazi kadhaa, na desturi ilipokoma wajukuu walizaliwa na vichwa kama vya watu wote. Hata hivyo kosa la Hippocrates liliishi miaka zaidi ya 2000, likivaa nguo tofauti.

Nguo mojawapo ilishonwa karibu sana na Kigoma. Wabelgiji waliuteka mji huo mwaka 1916, wakauacha kwa Waingereza mwaka 1921 huku wakibaki na sehemu yao bandarini, na ng'ambo ya mpaka wakatawala Ruanda-Urundi. Huko wataalamu wao walipima vichwa, pua na urefu wa watu, wakiamini kwamba umbo la fuvu ni cheti cha asili ya mtu na kipimo cha haki yake ya kutawala. Jambo la kusikitisha ni kwamba jibu lilikwisha tolewa kabla yao. Mwaka 1911 Franz Boas alichapisha matokeo ya kuwapima wahamiaji wa Marekani na watoto wao, jumla ya watu wapatao 18,000, akaonyesha kwamba vichwa vya watoto waliozaliwa Marekani vilitofautiana na vya ndugu zao waliozaliwa Ulaya. Wataalamu wa karne hii wamebishana juu ya ukubwa wa tofauti hiyo. Lakini hata ikiwa ndogo, fuvu linaloweza kusogea katika kizazi kimoja haliwezi kuwa mhuri wa milele. Vipimo vile havikumsaidia mtoto hata mmoja, na mgawanyo uliotegemezwa juu yake ulikuja kuvujisha damu nyingi, ambayo wakimbizi wake walivuka hadi Kigoma.

Ni ajabu, basi, kwamba utepe ule ule wa kupimia kichwa, uliotumika vibaya hivyo, ndio ulioibua habari kubwa kuliko zote za somo hili.

Mwezi wa Aprili 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, watafiti wa kituo cha homa ya manjano kilichoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller walimweka nyani wa Kiasia juu ya jukwaa mtini ili aumwe na mbu. Nyani huyo, ambaye jina lake lilikuwa namba tu, 766, akashikwa na homa. Katika damu yake George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walikuta kirusi kisichojulikana, na Januari 1948 wakakikuta katika mbu wa msitu huo huo. Mwaka 1952 habari hizo zilichapishwa, na uchunguzi wa wakati huo ukaonyesha dalili za kirusi hicho katika damu za watu wa Uganda na wa Tanganyika. Mwaka huo huo homa ya chikungunya ilizuka katika nyanda za Wamakonde, ikachukua jina kutoka katika lugha yao na umaarufu mwingi zaidi. Zika ilionekana kuwa homa ndogo, upele na macho mekundu kwa siku chache, ikasahauliwa na wote isipokuwa wachache.

Ilisahauliwa miaka 60. Mwaka 2007 ikazuka katika kisiwa cha Yap, mwaka 2013 katika visiwa vya Wafaransa vya Polinesia, na mwaka 2015 madaktari wa kaskazini-mashariki ya Brazili wakaona watoto wengi mno wanaozaliwa na vichwa vidogo, paji la uso likiwa limerudi nyuma na ngozi ya kichwa ikiwa imekunjamana, kana kwamba fuvu limeporomoka juu ya ubongo uliokoma kukua. Hapo utepe ukawa chombo cha kwanza. Brazili ilianza kuwahesabu wote wenye mzingo wa sentimita 33 au pungufu, ikaona inawakamata wazima wengi, ikashuka hadi 32 mwezi wa Desemba 2015. Baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri 31.9 kwa wavulana na 31.5 kwa wasichana waliotimiza miezi yao tumboni. Tarehe 1 Februari 2016 shirika hilo lilitangaza hali ya hatari ya kimataifa, na Aprili 2016 wataalamu wa Marekani wakathibitisha kwamba Zika ndiyo sababu. Kirusi humwingia mama kwa mbu, hupita katika kondo la nyuma, na kuua chembe changa za ubongo wa mtoto. Akina mama wa Recife hawakumcheka kiwete yeyote.

Habari hizo zilirudi Afrika ya Mashariki kwa namna ambayo haikutazamiwa. Tarehe 15 Desemba 2016, Dakta Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza Dar es Salaam kwamba katika watu 533 waliopimwa, 83 walionekana kuwa na Zika, yaani asilimia 15.6. Miongoni mwa watoto 80 waliozaliwa na kasoro za maumbile, asilimia 43.8 walionekana hivyo pia. Kesho yake Waziri wa Afya alisema kuwa nchini hapana mlipuko wa Zika, na Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi huyo.

Suala la kipimo lilikuwa suala la haki. Virusi vya jamaa hiyo, Zika na dengi na homa ya manjano, hufanana kiasi kwamba kinga iliyojengwa mwilini dhidi ya kimoja yaweza kudhaniwa kuwa ya kingine, na mtaalamu yeyote angekuwa na sababu ya kudai uthibitisho. Tena kuwapo kwa kirusi si sawa na mlipuko. Lakini hoja ya maabara hujibiwa kwa maabara. Kwamba Zika ilikuwapo katika damu za watu wa nchi hii lilikuwa jambo lililokwisha chapishwa mwaka 1952, wakati wa Waingereza, bila mtu kupoteza kazi. Dakta Malecela baadaye alichukuliwa na Shirika la Afya Duniani, akawa mkurugenzi wake wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, akafariki Februari 2022. Wale watoto 80, katika habari zilizoandikwa juu ya mkasa ule, walitajwa kama asilimia tu.

Kwa nini nchi za Zika yenyewe hazikuona vichwa vidogo kwa miaka 60? Wako wanaosema kwamba wasichana wa huku huambukizwa wangali watoto, wakapata kinga kabla ya kuolewa. Wako waliodhani kwamba kirusi cha Afrika ni kipole kuliko kile kilichopita Asia. Rai hii ya pili imepata pigo, maana majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa kile cha Afrika huenea vyepesi zaidi kwa mbu na huwadhuru vibaya panya walio tumboni. Inabaki sababu ya tatu, nyonge kwa sura lakini pengine ndiyo yenye nguvu: kichwa kisichopimwa hakiwezi kuwa kidogo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na kufa kabla ya arobaini hakuandikwa popote. Tena Zika si sababu pekee ya kichwa kidogo. Rubela, kaswende na pombe hufanya vivyo hivyo, na Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya rubela mwaka 2014.

Upande wa pili ni kichwa kinachokua kupita kiasi. Tanzania nzima hukijua kwa jina la kichwa kikubwa, na mara nyingi hutajwa pamoja na mgongo wazi. Maji yanayozunguka ubongo hukosa njia ya kutoka, utosi huvimba, macho hutazama chini kama jua linalotua. Hapa ndipo uchawi umetuhumiwa kuliko popote, na ndipo elimu ya Afrika ya Mashariki imeufundisha ulimwengu. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto wake hawakuzaliwa na ugonjwa huo, bali waliupata baada ya maambukizo ya ubongo katika majuma ya mwanzo wa maisha. Mrija unaotumika Ulaya kuteremsha maji tumboni ulikuwa ukiziba, na mama aishiye mbali na hospitali hawezi kurudi usiku mtoto anapozidiwa. Warf akaunganisha njia mbili, kutoboa mlango mpya wa maji ndani ya ubongo na kuichoma sehemu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mrija. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza maji ya watoto wa Uganda walitaja bakteria mmoja, Paenibacillus, kuwa miongoni mwa washukiwa wakuu.

Mgongo wazi una sababu nyingine, na kinga yake inajulikana. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1991 lilithibitisha kwamba mama anayepata asidi ya foliki kabla ya kushika mimba huepuka sehemu kubwa ya hatari hiyo. Tanzania ikaanzisha mwaka 2013 mpango wa kuitia katika unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa na viwanda vikubwa. Mpango mzuri; ila uliandikwa na watu wanaokula mkate. Katika fukwe za ziwa ugali wa wengi ni wa muhogo, hutwangwa nyumbani au husagwa kwa mashine ya mtaani, huliwa kwa dagaa na migebuka na mawese, na unga huo haupiti penye tone la dawa hiyo. Vidonge vya kliniki nao mama huvipata mimba ikiwa ya miezi mitatu au minne, na mfereji wa neva mgongoni hufunga kabla ya siku ya 28, wakati ambapo wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

Mkoa wa Kigoma umeona badiliko moja ambalo halitajwi sana katika habari za vichwa, ingawa linavigusa. Tangu mwaka 2006 vituo kadhaa vya afya vya vijijini viliongezewa vyumba vya upasuaji, na madaktari wasaidizi wakafundishwa kumtoa mtoto aliyekwama bila kumsafirisha mama kwa boti au kwa barabara ya vumbi hadi mjini. Kichwa kilichokuwa kikibanwa siku mbili nyongani, hata ubongo ukakosa hewa, sasa chaweza kutolewa kwa saa chache. Mtoto wa namna hiyo aweza kuzaliwa na kichwa cha mviringo. Muuguzi hukizungushia utepe juu ya nyusi na kisogoni, husoma sentimita 34 au 35, huandika katika kadi, kisha humkabidhi mtoto kwa shangazi, ambaye hufunua kitenge na kutazama.